Siasa na Dini Marufuku Kwenye Kundi Hili

Fungua kundi lolote la WhatsApp, liwe la ukoo, la waliosoma pamoja, la wapangaji, la kwaya au la vikoba, usome maelezo ambayo admini aliyaweka siku kundi lilipoanzishwa. Karibu kila mahali utakuta sharti lile lile: hapa hakuna siasa, hakuna dini. Ruksa kutangaza msiba, kuchangia harusi, kutakiana heri ya sikukuu, kuuza viwanja na kusambaza video za vichekesho. Mtu akigusia uchaguzi, haipiti muda wakubwa wa kundi wanamkumbusha kanuni. Akiendelea, anaondolewa. Wengine hawasubiri kuondolewa, wanalefti wenyewe, na undugu unabaki na kovu ambalo hata kwenye msiba watu wanalikwepa.

Nimo kwenye makundi kadhaa ya namna hiyo na sababu za sharti lile nazielewa. Nani anapenda kumwona shangazi na mpwa wake wakitupiana maneno mbele ya ukoo mzima? Hata hivyo naamini sharti hili, tuliloliweka kwa nia njema, limetugharimu sana. Namna tunavyotawaliwa na namna tunavyomwamini Mungu ni mambo mazito kuliko yote tunayozungumza. Tumeyafukuza mahali ambapo watu wanajuana, tukayapeleka mahali ambapo hakuna anayemjua mwenzake. Kisha tunalalamika kwamba vijana wanatukanana mitandaoni.

Tazama yanayotokea huko. Mtu anaandika kwenye X kwamba nchi inahitaji katiba mpya. Anataja ibara, anaeleza mamlaka ya uteuzi, anauliza swali. Wa kwanza kumjibu anataka kujua ametumwa na nani. Wa pili anamtajia kabila lake. Wa tatu anafukua picha yake ya zamani. Ibara aliyoitaja hakuna aliyeigusa. Ukisoma kwa makini utaona kwamba hao watatu hawazungumzi naye hata kidogo. Wanazungumza na watazamaji, wale maelfu wanaopita kimya wakigonga alama ya kupenda. Mwandishi akijibu kwa upole ataonekana ameshindwa, na akijibu kwa ukali atakuwa amewapa walichokitaka.

Hali hiyo ilisaidiwa na wenye mitandao wenyewe. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka nyingi za ndani za kampuni hiyo. Vyombo vya habari vilipozichambua, ilijulikana kwamba kuanzia 2017 mfumo wa Facebook ulikuwa ukiihesabu alama ya uso wa hasira kuwa na uzito mara 5 ya alama ya kupenda. Andiko lililoudhi watu lilipandishwa juu ili wengi zaidi walione na waudhike. Uzito huo uliondolewa kabisa mwaka 2020 tu. Na mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao wa habari zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Waligundua kwamba uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70. Waliokuwa wakiisambaza ni binadamu hasa, watu kama wewe na mimi.

Na je, nani alikuwa akiamua ugomvi wetu? Kwa miaka kadhaa maandishi ya Kiswahili, Kiamhari, Kisomali na lugha nyingine za Afrika yaliyoripotiwa Facebook yalikaguliwa na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama jijini Nairobi. Mwaka 2022 mmoja wao wa zamani, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliishtaki Sama pamoja na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, kwa jinsi kazi hiyo ilivyomuumiza akili. Mwaka uliofuata wenzake wengi walifungua kesi yao. Nawaonea huruma vijana hao. Walibebeshwa kuamua, kwa sekunde chache, maneno ya watu wasiowajua yaliyosemwa katika mazingira wasiyoyajua, kazi ambayo kwa desturi yetu ni ya mtu mzima anayewafahamu wagombanao na wazazi wao.

Lazima niitaje sababu nyingine ya sharti lile la makundi, ambayo admini wengi hawaisemi waziwazi. Ni woga, na woga huo una misingi. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kifungu chake cha 16, kuhusu kuchapisha taarifa za uongo, kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka uliofuata mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mtu kwa maneno aliyoyaandika Facebook kuhusu Rais. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mijadala la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji wake. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikidai leseni na ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2, na Juni ya mwaka huo JamiiForums ikalazimika kufunga milango kwa muda. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini. Septemba JamiiForums ilisimamishiwa leseni kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa.

Majirani nao wana yao. Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii tarehe 1 Julai 2018, na mwaka uliofuata mwanaharakati Dakta Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa shairi aliloliweka Facebook kuhusu Rais Museveni. Kenya, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa kwao Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa maiti mikononi mwa polisi.

Kwa hiyo simwambii admini yeyote ajitoe mhanga. Lakini mambo yanayohusu siasa ni mengi kuliko jina la mtawala. Kuna bajeti ya halmashauri, kuna madarasa yasiyo na walimu, kuna swali la nani aidhinishe mikopo ya nchi na kwa masharti gani. Katika imani kuna maana ya sadaka, malezi ya watoto wa ndoa mseto, haki ya mjane katika mirathi. Haya yote yanaweza kujadiliwa na watu wazima bila mtu kutafutwa na polisi, na hayajadiliwi, kwa kuwa sharti moja limeyafagia yote pamoja.

Kuna wanaosema kwamba sisi Waswahili hatukuzoea mabishano ya namna hii, kwamba ustaarabu wetu ni kunyamaza. Historia inawakanusha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa iliyotawaliwa na akina Mazrui na Lamu zilikuwa katika uhasama uliofikia vita vya Shela, karibu mwaka 1812. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, malenga ambaye hadi leo hajasahaulika. Lamu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi. Mashairi yakaenda na kurudi kati ya miji hiyo miwili, yamejaa vitisho na majigambo na mafumbo makali. Hiyo ilikuwa siasa tupu, habari ya nani atawale pwani na nani ashirikiane na nani. Lamu ilishinda, ikajiweka chini ya ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na mashairi yale yakabaki vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na Mchungaji W. E. Taylor walipoyakusanya huko Mombasa mwishoni mwa karne ile.

Kinachonivutia katika desturi hiyo ya kujibizana ni masharti yake. Huwezi kulijibu shairi usilolielewa. Anayejibu hulishika la mwenzake, hulifumbua fumbo lake, hufuata bahari yake na mara nyingi vina vyake vile vile, ndipo anatia lake. Uzito wa jibu unapimwa kwa jinsi lilivyoligusa swali. Mtu akilikwepa, wasikilizaji wanajua, maana mashairi yote mawili wanayo kichwani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliipa desturi hiyo ukurasa, na magazeti yaliyofuata yakaiendeleza. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akiandika mashairi yasiyofuata vina na mizani, ulizuka ugomvi mkubwa kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, ukaendelea kwa miaka. Jumanne Mayoka alifikia kutoa kitabu kizima mwaka 1986 kiitwacho Mgogoro wa Ushairi. Walikuwa wakali, lakini walisomana. Huwezi kusema hivyo kuhusu watu wanaojibu kichwa cha habari bila kufungua habari yenyewe.

Upande wa imani kuna mfano ninaoupenda zaidi, na nasikitika kwamba hausimuliwi. Mwaka 1923 Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Zanzibar, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ikiwa na maelezo ya Mkristo anayeutazama Uislamu. Mwaka 1953 jumuiya ya Waahmadiyya, wakiongozwa na Sheikh Mubarak Ahmad, walitoa tafsiri yao. Katika maelezo yake walimjibu Dale na kueleza imani yao wenyewe. Mwaka 1969 ikakamilika Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na humo akawajibu Waahmadiyya, tena bila kuwabembeleza. Huo ni mjadala wa miaka 46 kuhusu jambo zito kuliko yote kwa muumini. Kila upande ulilazimika kusoma kitabu cha mwenzake hadi tanbihi zake. Msomaji wa Kiswahili akafaidika kwa kupata tafsiri tatu. Maneno yao hayakuwa laini, na sisemi walipatana. Nasema walijibizana, na mtu wa leo anaweza kuzikalia tafsiri hizo akapima mwenyewe.

Linganisha na mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990. Wahubiri wa Kiislamu wa Tanzania, wakichochewa na mfano wa Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, walisimama kwenye viwanja vya wazi wakiwa na Biblia mkononi. Mwaka 1987 Ngariba Mussa Fundi na Mohamed Ali Kawemba walichapisha kitabu Uislamu Katika Biblia, na Wakristo nao wakapanda majukwaani kujibu. Wengi wa wahubiri hao walikuwa wasomaji hodari wa vitabu vyote viwili, na hilo lazima wapewe haki yao. Tatizo lilikuwa lile duara la watu waliowazunguka. Walikuja kutafuta mshindi. Hoja ikitua vizuri ilishangiliwa kama bao, na anayeshangiliwa hana nafasi ya kusema, “Hapo ndugu yangu umesema kweli.” Leo kanda za mihadhara hiyo zimekatwa vipande vifupi na kupandishwa YouTube na TikTok. Kijana anakutana na sekunde thelathini za mhubiri akimbana mwenzake, hajui swali lililotangulia wala jibu lililofuata, anafowadi.

Watu wasiojuana wanaweza pia kujadiliana vizuri, na Kenya ilituonyesha. Katikati ya 2024 Muswada wa Fedha ulikuwa umependekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana waliufungua muswada wenyewe. Kwenye mazungumzo ya sauti ya X, yaliyoendelea kwa saa nyingi, mawakili na wahasibu walieleza kifungu kwa kifungu, na TikTok ikajaa video zinazoufafanua kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Tarehe 18 Juni serikali ikaondoa baadhi ya kodi hizo. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini, na tarehe 5 Julai akaingia mwenyewe kwenye mazungumzo ya X kujibu maswali ya vijana. Wengi wanaikumbuka ghadhabu ya siku zile. Mimi naikumbuka zaidi nidhamu ya zile saa za usiku. Andiko lilikuwa mbele ya wote, na mwenye kuendesha mazungumzo alishika zamu za wasemaji. Aliyetaka kubisha alitakiwa kuonyesha kifungu.

Kundi la ukoo, au la waliosoma pamoja, lina faida ambayo mazungumzo yale hayakuwa nayo. Kundi letu moja la waliosoma pamoja lilijaribu kujadili bima ya afya, baada ya Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya shilingi 50,400, kusitishwa mwaka 2023, na sheria ya bima ya afya kwa wote kupitishwa mwaka huo huo. Mjadala ulikuwa unaelekea kwenye vyama, kama kawaida. Admini, mwalimu aliyestaafu, akaomba kila mwenye maoni aanze kwa kusema mara ya mwisho alipompeleka mtoto hospitali alilipaje. Basi mazungumzo yakabadilika. Mwenzetu aliye muuguzi akaeleza wanavyoona mzazi akisubiri mpaka mtoto azidiwe. Mwenzetu mwingine, mkereketwa mkubwa wa chama tawala, akasimulia jinsi alivyouza mbuzi. Yule aliyekuwa akiipinga serikali kwa kila jambo akakiri kwamba mfuko unaopokea wagonjwa peke yao hauwezi kudumu. Hakuna aliyehama chama usiku ule. Lakini tulikuwa tunajua kwamba muuguzi ni muuguzi kweli na mbuzi waliuzwa kweli, kwa sababu tunajuana. Akaunti yenye picha ya simba na jina la kubuni haiwezi kukupa uhakika huo.

Sitaki turudi barazani kama palivyokuwa. Kwenye mabaraza ya kahawa waliokaa na kusema walikuwa wanaume, tena watu wazima. Mwanamke aliyapita kwa haraka na kijana alitumwa kashata. Simu imemwingiza binti wa miaka 20 katika mazungumzo na babu yake, naye ana mengi ya kumwambia. Hiyo ni faida kubwa, na tunaipoteza kila tunapomwambia binti huyo kwamba humu ndani anaruhusiwa kutuma pole na hongera tu.

Tunachoweza kukichukua kutoka kwa wazee ni masharti ya kujibizana. Kundi likubaliane kwamba anayejibu aanze kwa kueleza mwenzake amesema nini, na mwenyewe akubali kwamba ndicho alichokisema. Kanuni hii peke yake itapunguza nusu ya ugomvi, maana mara nyingi tunagombana na maneno ambayo hayakusemwa. Kilichofowadiwa kisihesabiwe kuwa hoja mpaka aliyekileta aandike kwa maneno yake kwa nini anakiamini na kimetoka wapi. WhatsApp wenyewe waliona hatari yake: tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi unaweza kupelekwa kwenye soga moja tu kwa wakati mmoja. Yanayosemwa ndani yasipigwe picha na kupelekwa nje, na atakayefanya hivyo aondolewe, kwa kuwa hakuna anayeweza kufikiri kwa sauti huku akihofia kuwa kesho atakuwa mada ya mji. Mazungumzo yawe na siku yake, Jumamosi jioni kwa mfano, ili anayetangaza msiba asikute watu katikati ya ubishi. Na jambo likiwa zito, watu watumie sauti zao badala ya maandishi. Sauti ya shangazi inapotetemeka, mpwa anajua amefika wapi.

Katika dini ningeongeza sharti moja. Kila mtu aeleze imani yake, asieleze ya mwenzake. Muislamu aulizwe Uislamu na Mkristo aulizwe Ukristo, na swali liwe la mtu anayetaka kujua. Familia zetu nyingi zina dini zaidi ya moja chini ya paa moja. Zimeishi hivyo miaka mingi bila watoto kupata nafasi ya kuuliza kwa nini mama anafunga Ramadhani na baba anafunga Kwaresima. Wasipouliza nyumbani, watajibiwa na zile kanda za sekunde thelathini.

Makundi makubwa, yale yenye watu mia tano au elfu moja, hayataweza hili, na yasijaribu. Huko waacheni watangaze viwanja. Nazungumza na wewe unayesimamia kundi la watu thelathini au hamsini unaowajua kwa majina: fungua mlango huu kwa jioni moja, chagua mada inayowagusa wote, shika zamu.

Serikali nayo ina sehemu yake, na isijifiche nyuma ya lugha chafu ya vijana. Sheria inayomtisha anayeandika kwa jina lake halisi inawaachia uwanja wasio na majina, na ndio hao wanaotukana. Adhabu ya chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ni kubwa kuliko kipato cha mwaka cha wakulima wengi. Wabunge wanaweza kukirekebisha, wakaondoa kifungo kwa maoni ya kisiasa na ya kidini yasiyochochea vurugu. Ukikutana na mbunge wako, muulize atalifanya lini.